Maleleji yameingia, mvua ya mwaka yaja: nyumbani kwenu mwamalizia kazi gani?

Mkasi na Uzi (Kisauni, Mombasa), Jumamosi saa 3 asubuhi

Assalaam aleikum nyote. Idi imepita, wageni wamerudi kwao, na tangu juzi upepo umekata. Kaskazi imechoka. Hapa Kisauni makuti ya minazi hayatikisiki, na jasho lakutoka hata ukiwa umekaa kivulini. Ndiyo maleleji haya, kipindi cha kati ya pepo mbili: kaskazi yaondoka, kusi haijaingia. Mvua ya mwaka kwetu huanza kugusagusa mwishoni mwa Machi, ikashika Aprili, na Mei ndiyo yenyewe. Kwa hivyo tuna wiki mbili tatu za jua, na mimi wiki hizi nazipenda kuliko zote. Ndio wakati mamangu, Mungu amrehemu, alikuwa akitoa kila kitu uani: magodoro, mito, mikeka, hata cherehani.

Sina kazi kubwa. Sijengi wala sipaki nyumba nzima rangi. Ni vijikazi vya kushika na kuacha, asubuhi kidogo kabla jua halijapanda, alasiri kidogo baada ya chai. Lakini vijikazi hivi vina wakati wake. Kikikupita, wangoja mpaka Agosti.

Mwaka huu nimeanza na mito. Jirani yangu ana msufi mkubwa, na kaskazi ikiwa kali matunda yake hupasuka yakamwaga sufi. Amenipa magunia mawili. Kazi hii haitaki upepo hata kidogo, ndio maana nikangoja maleleji. Watandika mkeka, wajifunga leso puani, wapasua ganda, watoa sufi pamoja na kokwa zake, kisha waitia kwenye tenga refu na kuichapa kwa kijiti. Kokwa ni nyeusi, ndogo kama pilipili manga. Zenyewe hushuka chini, na sufi hupanda juu ikifura mpaka tenga likajaa mara mbili.

Sufi haifuliwi. Kila unywele wake una uwazi ndani kama mrija, umejaa hewa, na hauingii maji upesi. Hata majaketi ya mabaharia ya kujiokolea zamani yalijazwa sufi hii hii. Ukiifua yashikana madonge. Mto uliolala uanike juani tangu saa nne mpaka saa tisa, uuchape pande zote mbili, utainuka. Na uuweke mbali na chetezo na mshumaa, kwa sababu sufi yashika moto haraka mno.

Mfuko wa ndani nimeshona kwa marekani. Kitambaa kikiwa chepesi sufi yatoka moja moja, asubuhi waamka nayo kwenye kope. (Jina hili la marekani ni la karne ya 19, meli za Marekani zilipokuwa zikileta majora ya pamba pwani yetu. Mpaka leo ukiingia dukani ukitaka marekani wapewa bila kuulizwa.) Mshono napiga mara mbili, wa pili nusu sentimita nje ya wa kwanza, na naacha tundu la kupitisha mkono. Mto mmoja umekula karibu kilo nzima.

Sasa nataka kusikia kwenu. Mwafanya nini kabla ya mvua? Bustani, dari, mishono, chochote.

Bi Kikuba (Mji wa Kale), Jumamosi saa 5 asubuhi

Waaleikum salaam, mwanangu. Umenikumbusha uga wa Kibokoni wakati sisi wasichana wadogo. Sufi ikichapwa nyumba moja, nyumba tatu zapiga chafya.

Mimi mwezi huu napogoa asumini. Mwaiogopa mikasi, lakini asumini isipokatwa huwa mijiti mitupu, majani juu na maua ya kuhesabu. Nakata matawi makavu yote, na mabichi nayapunguza kwa thuluthi moja. Mvua ikishuka yachipua upya, na ua la asumini hutoka kwenye chipukizi jipya. Nikipata mrehani pembeni mwake vikuba vyangu, vile vishada vya maua ya kunukia, vimekamilika, sihitaji kununua soko la Marikiti.

Ila mwaka huu majani yana rangi ya manjano na mishipa imebaki kijani. Nimetia jivu la kuni, yazidi. Kuna ajuaye?

Mwana wa Likoni, Jumamosi saa 6 mchana

Shikamoo Bi Kikuba. Samahani kukukatiza, lakini hilo jivu liache leo leo. Mji wa Kale mwakaa juu ya jiwe la matumbawe, na udongo wake una chokaa nyingi tayari. Jivu nalo laongeza ile ile. Chokaa ikizidi, mmea washindwa kuvuta madini ya chuma hata kama yamo udongoni, na dalili yake ndiyo hiyo, jani manjano na mishipa kijani. Huko bara wenye udongo wa uchachu jivu lawafaa. Sisi latuumiza.

Fukua udongo wa juu kiganja kimoja, utie samadi ya mbuzi iliyooza vizuri na majani makavu yaliyooza, na umwagilie maji ya mvua ukiyapata. Kama maji yako ni ya kisima cha chumvi, usiyamwage juu ya majani, mwaga chini shinani, na uchanganye na matamu hata nusu kwa nusu.

Mimi nimetayarisha matuta ya mchicha na kunde. Mwaka jana nilifanya haraka. Kulinyesha siku mbili mwishoni mwa Machi, nikamwaga mbegu zote. Siku kumi jua tupu, miche ikakauka ikiwa na majani mawili. Nikarudia Aprili, ikashuka mvua ya usiku mmoja ikazoa mbegu zote mpaka kwa jirani. Mchicha ulimea kwake, mzuri, na alinipa fungu. Mwaka huu nimeotesha kwanza kwenye kitalu chini ya kivuli cha kuti, natia mbegu nikiwa nimezichanganya na mchanga ili zisianguke rundo. Mvua ikishashika kweli ndipo nitahamisha.

Ghorofa ya Nne (Changamwe), Jumamosi saa 8 mchana

Hongera zenu mlio na uga. Mimi nina roshani ya hatua tatu, na maji ya bomba huja siku mbili kwa wiki. Nina ndoo tano za rangi zilizotobolewa chini. Nilipanda bamia, zikanyauka kila saa sita mchana hata nikimwagilia asubuhi na jioni. Udongo nimenunua wa mchanga mtupu. Nifanyeje?

Na jambo la pili, dada Mkasi, cherehani yangu yatoa vitanzi chini ya kitambaa. Juu mshono ni mzuri, chini kama vimetapakaa viduara. Pia imekuwa nzito kukanyaga, nikaitia mafuta ya nazi.

Mkasi na Uzi, Jumamosi saa 11 jioni

Nianze na cherehani kwa maana hiyo naijua. Vitanzi vikiwa chini, kosa liko juu. Wengi huvuruga bobini bure. Inua futi ya cherehani, toa uzi wa juu wote, uupitishe upya tangu mwanzo huku futi ikiwa bado juu, kwa sababu ikiwa chini vile visahani viwili vya kukaza uzi vimebana na uzi hauingii katikati yao, wapita pembeni tu. Kisha shusha futi uuvute kwa mkono: uwe mzito. Ukiwa bado mwepesi, kaza skrubu nusu mzunguko, ushone kipande cha majaribio, uangalie. Nusu nusu, usikaze kwa hasira.

Mafuta ya nazi yatoe yote. Yakikaa na vumbi huganda kama gundi, na ndiyo maana mguu wazidi kuwa mzito. Fungua bamba la chini, sugua nyuzi na vumbi kwa brashi ndogo, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, acha ikauke mpaka harufu iishe, kisha tone moja moja la mafuta ya cherehani kila panapozunguka. Shona kitambaa kibovu kwanza ili yanayozidi yatoke. Na ukimaliza ifunike. Hewa yetu ya chumvi yala chuma hata ndani ya nyumba. Ya mamangu ni ya miguu, nzee kuliko mimi, na mpaka leo yashona kwa sababu hakuwahi kulala usiku mmoja bila kuifunika.

Sindano nayo badilisha. Kwa marekani natumia namba 14, kwa turubai namba 16. Sindano iliyopinda kidogo tu yaruka mishono na wewe wadhani mashine imekufa.

Mwana wa Likoni, Jumamosi saa 12 jioni

Ghorofa ya Nne, tafuta makumbi ya nazi. Sokoni Kongowea waweza kuyapata kwa wauza nazi. Yaloweke siku mbili, mwaga hayo maji, loweka tena, kwa sababu huwa na chumvi. Kisha yapange chini ya ndoo theluthi moja, juu yake mchanga wako uliochanganywa na samadi nusu kwa nusu, halafu funika uso wa udongo kwa majani makavu. Makumbi yanywa maji yakatoa kidogo kidogo. Na roshani ikiangalia magharibi, jua la mchana lapiga ubavu wa ndoo mpaka mizizi yachemka. Vika ndoo gunia.

Wadudu wakija, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo ishike majani, nyunyiza wakati wa magharibi. Ukinyunyiza mchana jua lavunja nguvu yake.

Fundi Chokaa (Mji wa Kale), Jumapili saa 4 asubuhi

Salaam. Mimi nawaomba wenye nyumba za mawe ya zamani mnisikilize katika jambo moja, kwa maana kila mwaka wakati huu nawaona wakibeba mifuko ya saruji.

Ukuta wa kale umejengwa kwa matumbawe na chokaa ya kuchoma tanuri. Ni ukuta unaopumua. Mvua ikinyesha wanywa, jua likitoka watoa. Ukiupiga lipu ya saruji umeuziba mdomo. Maji yapanda kutoka chini yakiwa na chumvi, hayana pa kutokea, chumvi yajenga nyuma ya saruji ikawa unga mweupe, na lipu yabanduka vipande vipande na mawe yakiambatana nayo. Nyumba ya shangazi yangu fundi mmoja aliipaka saruji chumba cha chini chote. Misimu miwili ya mvua, ukuta ukaanza kubanduka. Nilipogonga kwa nyundo ulilia kama debe. Tulitoa kila kitu kwa patasi, kidogo kidogo, nikaacha ukuta wazi kaskazi nzima ukauke, ndipo nikapiga chokaa na mchanga.

Kupaka chokaa nyeupe nako kufanywe sasa. Rashia ukuta maji kwanza, kwa sababu ukuta mkavu wanywa chokaa ikabaki unga wa kupanguswa kwa kidole. Paka nyembamba kama maziwa, si nzito kama uji, mara tatu, na kila mara ngoja ikauke. Fanya asubuhi au jioni, jua kali lisiikaushe kabla haijashika. Vaeni miwani: chokaa ikiingia jichoni ni balaa.

Bi Kikuba, Jumapili saa 6 mchana

Fundi, Mungu akupe afya. Ukuta wangu wa ngazi una ule unga mweupe, nami nadhani ni uzee wa nyumba. Kumbe ni ile saruji ya mwaka juzi. Nitakutafuta.

Mwana wa Likoni, jivu nimelitoa, mjukuu wangu amebeba ndoo mbili. Ahsante, baba.

Mkasi na Uzi, Jumapili saa 10 alasiri

Leo nimefika kwenye kazi niliyokuwa naizungukia. Foronya. Nina leso za mamangu tisa ndani ya sanduku, na haziwezi kuvaliwa tena: pembe zote zimechanika pale alipokuwa akifunga fundo. Miaka minne nazitoa, nazinusa, nazirudisha. Nikaona bora zilale kitandani kuliko sandukuni.

Kukata leso kwataka hesabu, kwa sababu ukikosea umelikata jina. Leso yangu ina upana wa sentimita 150 na kimo cha 110. Nimeikunja kati kwa kimo, nikakata mstari mmoja, nikapata vipande viwili vya 150 kwa 55. Cha chini ndicho chenye jina: MAMA NIPE RADHI KUISHI NA WATU KAZI. Nikapinda ncha mbili za upana, sentimita mbili kila upande, zikabaki 146. Mto wangu una urefu wa 65. Kwa hivyo 65 ya katikati ni uso wa mbele, na kila upande yabaki 40 na nusu ya kukunjwa nyuma. Zikikutana zapandana kwa sentimita 16, na hapo hakuhitajiwi kifungo wala zipu. Washona juu na chini, wageuza. Jina lote lakaa mbele, katikati, halijaguswa. Na ile pembe iliyochanika ya kulia, upande wa fundo lake, imeingia ndani ya mkunjo, haionekani, lakini ukitia mkono waigusa.

Kipande cha juu kimetoa foronya ya pili, ya pindo na maua tu. Leso moja, mito miwili.

Ghorofa ya Nne, Jumapili saa 2 usiku

Dada, nimesoma mara mbili. Nami nina mbili za bibi yangu. Kesho napima.

Cherehani imepona! Ni ule uzi wa juu, haukuwa umeingia kwenye visahani. Mguu bado mzito kidogo lakini mafuta meusi yatoka, naendelea kushona matambara.

Mhudumu wa Mtaa (Tudor), Jumatatu saa 3 asubuhi

Mimi nazunguka nyumba kwa nyumba kwa ajili ya afya, na nimefurahi kusoma haya yote, ila naona madebe, ndoo na matangi mengi. Tafadhalini. Mwanzoni mwa 2018 Mombasa tulilala na chikungunya nyumba hadi nyumba, watu wakatembea wameinama kama wazee. Yule mbu mwenye mabaka meupe, auma mchana, na hataki mtaro mchafu, ataka maji safi ya ndoo, ya sahani ya chungu cha maua, ya tairi. Mayai yake huganda ukutani mwa chombo yakakaa makavu miezi kadhaa, mvua ikijaza yaanguliwa. Toka yai mpaka mbu kamili ni siku saba mpaka kumi hivi.

Kwa hivyo sasa, kabla ya mvua, sugueni ndani ya madebe yenu kwa brashi, msisuuze tu. Tangi lifunikwe kwa wavu mwembamba hata kwenye mdomo wa gata, ule mfereji wa maji ya paa. Na kila Ijumaa, sahani za chini ya vyungu zimwagwe.

Mkasi na Uzi, Jumatatu saa 11 jioni

Ahsante sana, hili la kusugua sikulijua. Nimemaliza ndoo zote leo, na wavu nimeushona mwenyewe kwa kipande cha chandarua kizima nilichokuwa nacho, pindo nikatia mpira ubane mdomo wa tangi.

Gata nayo tayari. Ilikuwa imejaa majani ya mwarobaini na kiota kimoja kitupu. Nimepima upande wa mabati unaomwaga humo: mita 6 kwa 5, yaani mita mraba 30. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja mraba ni lita moja, kwa hivyo milimita 20 zanipa lita 600, ukitoa kidogo kinachorukia nje. Tangi langu ni la lita 1,000. Mvua ya kwanza sitaiingiza. Ina vumbi la kaskazi lote, kinyesi cha kunguru na chumvi ya bahari. Nimeweka bomba lenye kizibo chini, dakika kumi za mwanzo zaenda kwenye migomba.

Mwana wa Likoni, Alhamisi saa 1 asubuhi

Kwetu mbingu ya kusini imekuwa nyeusi tangu alfajiri na upepo umegeuka. Kitalu changu kina urefu wa vidole viwili. Dada Mkasi, fungua kizibo chako.

Mkasi na Uzi, Ijumaa saa 2 asubuhi

Imenyesha usiku, jamaa. Ilianza saa tisa, nikaamka kwa kelele ya mabati, nikatoka na tochi kwenda kugeuza bomba. Nilikuwa nimeacha kopo la maziwa lililonyooka ubavu katikati ya uga. Nimelipima kwa rula: milimita 14. Hesabu yasema lita 420. Tangi lina karibu 350, nyingine ni ile niliyoimwaga na iliyorukia nje. Maji yananukia bati tu, hayana vumbi.

Mito saba imejazwa. Foronya nimeshona sita, na leso sita zimebaki sandukuni, nazo nitazishona mvua ikinyesha, hiyo kazi haitaki jua.

Bi Kikuba, nimekata vipando vya mlangilangi kumi na mbili, vimo kwenye ndoo ya maji kivulini. Mtume mjukuu aje leo baada ya sala, kabla havijalegea.

Bi Kikuba, Ijumaa saa 4 asubuhi

Yuaja. Nimempa na kikapu, nawe umrudishie na kokwa za sufi kidogo kama hujazitupa. Asumini yatoa macho mekundu kila tawi nililokata.